Mutakatifu Cuis wa Lubero

Siku ya kwanza, lundi 2 juni 2025

Leo nimemupata Babu Mbusa! Kwa ukuta!

Asubuhi nilipeleka beignets, mandazi yangu, kwa musée ya baaskari bazee, nyumba ya vitu vyao vya zamani, ile yenye iko ndani ya depo ya zamani ya kahawa, hapa Butembo. Wiki hii yote banafanya programme ya batu bote: kesho usafi, kisha banafunzi, kisha ushuhuda, na siku ya posho, samedi tarehe saba, feti, sherehe ya familia. Nilienda paka kuuzisha tu. Nikainua macho. Karibu na dirisha, picha. Askari wa zamani, kifua mbele, bunduki kando, viatu vinangaa. Nyuma yake moshi, sufuria, sijui nini tena. Chini banaandika: MBUSA, CUIS., LUBERO, 1943.

Mbusa! Babu yangu, bwana ya Koko Virginie, bibi yangu, aliitwa Mbusa. Alikuwa askari wakati ya Babeleji. Alitoka Luofu, na Luofu iko Lubero. Sasa munataka nini tena?

Koko Virginie alikuwa na picha moja tu ya Babu. Ilibaki Luofu ndani ya malle, sanduku yake, mwaka jana, wakati ya kukimbia vita. Alifika kwangu na sufuria moja, kuku mumoja, na mimi nilikuwa nimezaa siku mbili mbele afike. Njo sababu mutoto anaitwa Vagheni, wageni. Koko hakulia kwa malle. Hakuomba kitu. Lakini siku moja nilimusikia anamuambia Vagheni: "Babu yako alikuwa na sura..." Akatafuta. Sura ilikuwa imeisha kupotea. Akaendelea kuchambua maharagi. Mimi njo nililia, kwa nafasi yake.

Muzee Stanislas, mukubwa wa musée, mwalimu wa Kifaransa wa zamani, alisema familia yenye itatoa ushuhuda ya kweli itapewa picha ya namna ile ile ndani ya kadre ya kioo, siku ya posho, mbele ya batu bote. Nilimuuliza Cuis. maana yake nini. Alivaa miwani. Alitoa miwani. Alisema ni mambo ya jeshi.

Ubaya mumoja: Emérence, jirani yangu muuza makala ya kupikia, alikuwa nyuma yangu anasikia yote. Na yeye babu yake ni Mbusa! Hapa kwetu jina inafuata namba ya kuzaliwa, na kila mama mwenye banaume bengi iko na Mbusa. Ukirusha jiwe sokoni itapiga Mbusa, na mwenye atakutukana ni Mbusa mwingine.

Ningeweza kumuleta Koko aangalie picha. Hapana! Koko hajui bongo, hajui kudanganya. Hata kwa kitubio anamuambia padri zambi yenye bado hajafanya, asije kuisahau. Macho yake inaona ukungu tu. Nikimuletea picha kwa kadre, nikamuambia huyu njo Babu, atafurahi. Na kama si yeye? Ni yeye. Donc tumalize.

Njiani Emérence aliniambia nione haya, mutoto yangu anakula na mukono ya kushoto, nimufunge ile mukono na kitambaa. Nimemufunga. Hata adui anaweza kuwa na shauri. Aksanti Mungu kwa adui mwenye iko karibu.

Siku ya pili, mardi 3 juni

Usafi. Shauri yangu: nifanye kazi kuliko batu bote, Muzee Stanislas anipende, kisha ushuhuda yangu ipite kama uji kwa koo.

Alinipatia kitambaa na médaille kumi na mbili. Alisema nipanguse vumbi polepole. Polepole! Mimi mutoto ya mama yangu? Nilienda nyuma ya depo, nikatafuta majivu, muchanga kidogo, na jani ya ndizi, vile tunasuguaka sufuria ya feti. Dakika kumi tu. Ilingaa! Ungejiona ndani!

Nilimuletea kwa sahani. Muzee alikamata ya kwanza. Akaigeuza. Akauliza sura ya mufalme iko wapi. Niliangalia na mimi. Mufalme alikuwa amebaki na sikio moja.

Muzee alikaa juu ya kisanduku. Alisema ile weusi haikuwa uchafu, ilikuwa miaka. Nilimuomba musamaha. Nilimuambia mingine tisa bado sijaisugua. Hiyo ilimusaidia kidogo.

Emérence alikuwa anafagia pale karibu, polepole, kama bibi arusi. Alisema kwa sauti kubwa kwamba batu bengine balilelewa na sufuria.

Lakini Muzee hakunifukuza! Alinipatia kazi ya kuosha vikombe, na akaniambia vikombe naweza kusugua vile nataka. Mutu mwenye roho hivi, Mungu amuongezee miaka. Ya weusi.

Siku ya tatu, mercredi 4 juni

Leo banafunzi. Batoto mia moja na zaidi balikuja kuona vitu na kuchora. Mimi niliisha kupanga. Batoto hawadanganye, kila mutu anajua. Basi kama Vagheni, mwaka moja tu, anaangalia ile picha na kusema "Koko!", nani atabisha? Damu imeita damu! Kwa Vagheni kila muzee ni Koko, bibi ao babu.

Kuanzia jana nilikuwa namufundisha. Namuonyesha kidole, nasema Koko, anasema Koko. Anajua sana! Ni neno moja tu iko nayo, mais anaisema vizuri.

Nilingoja Muzee Stanislas afike pale na darasa. Nikamuinua Vagheni mbele ya picha. Kwanza alinyoosha mukono kwa upande ya sufuria, kule nyuma kwenye moshi, akaita "Koko!" Nilimugeuza kichwa haraka. Huyu mutoto anapenda sana chakula! Nikamuweka sawa sawa mbele ya kifua ya askari. Akanyonya kidole. Nikamufinya kidogo, kidogo kabisa. Akageuka, akaona kwa ukuta ingine picha ya mukubwa Mubeleji mwenye masharubu, akapiga kelele: "Koko! Koko!"

Darasa nzima ilikufa na kicheko. Mwalimu wao aliuliza kama familia yetu inatoka Bruxelles. Kisha kuku ya jirani ilipita mulangoni na Vagheni akaisalimia vilevile: "Koko!"

Emérence alisema sasa tunajua babu yangu ni nani, na ako na mayai.

Nilirudi nyumbani na haya. Koko aliniuliza juu ya nini nimenuna, akanipatia ndizi ya kuchoma, ile kubwa, akabaki na ile ndogo. Sikumuambia kitu. Lazima siku ya posho awe na ile kadre mikononi. Lazima.

Siku ya ine, jeudi 5 juni

Siku ya ushuhuda. Asubuhi nilikaa karibu na Koko, tukachambua maharagi, nikamuuliza polepole kama mutu mwenye hana shida: Babu alifanya nini kwa uaskari?

Alisema alipika.

Nilisema ndiyo, mais vita?

Alisema vita yake ilikuwa kuni ya mvua. Alipikia batu mia mbili. Siku ya posho alikuwa anapimia kila mutu chakula ya wiki, ile njo siku yenye balimupenda. Hakupiga risasi hata moja. Aliua mbuzi tu. Alipomuoa Koko, hakujua kupikia batu babili. Kila siku sufuria ilitosha mutaa muzima, na mutaa muzima ilikuja. Alikuwa anakoroga na mukono ya kushoto, amesimama kwa muguu moja, ile ingine inakuna muguu ya kwanza, kama ndege ya mutoni. Mama yake alimufunga mukono na kamba wakati ya utoto. Alikoroga na kamba.

Koko alicheka peke yake. Mimi nilihuzunika. Nani atapatia kadre mutu wa mbuzi? Na ule wa picha iko na bunduki!

Basi nilitengeneza kidogo. Sikusema bongo. Nilibadilisha nguo ya maneno tu.

Hadjara, ule mudada wa Beni mwenye anarekodi sauti na telefone, aliniweka mbele yake. Nilisema: Babu yangu alikuwa ndani ya moto kila siku. Damu ilimwangika mbele yake na mukono yake haikutetemeka. Batu mia mbili balimutegemea wasikufe. Hadjara alifunika mudomo na mukono. Hakuna hata neno moja ya bongo pale ndani!

Kisha akauliza: na Cuis.? Hapo sikuwa nimejitayarisha. Nikajibu ni jina yake ya batizo. Akauliza jina ya nani. Nikasema ya Mutakatifu Cuis. Hadjara ni Mwislamu, aliandika bila kubisha. Nilishukuru Mungu padri hakukuwa pale.

Mais sikia! Emérence aliingia nyuma yangu. Nilisikiliza kwa mulango. Na babu ya kwake alikuwa kwa moto! Na ya kwake alibatizwa Cuis! Na Mutakatifu Cuis, kwa maneno ya Emérence, feti yake ni mwezi wa nane. Mwezi wa nane ameitoa wapi?! Mwizi!

Siku ya tano, vendredi 6 juni

Leo hakuna programme, paka kupanga viti tu. Nilipanga. Kwa cha mbele kabisa niliweka kitambaa changu.

Timothée, bwana yangu, alipiga simu kutoka Beni, iko kule anapakia kakao kwa lori. Nilimuelezea yote. Alisema: "Mama Vagheni, muulize Koko, ni muke wake." Banaume banafikiri kila kitu iko rahisi. Nilimuambia network ni mubaya.

Nilirudi kukuta Koko ameisha kulaza mutoto, ameosha nguo zangu bila kuniuliza, zote. Wakati naziondoa kwa kamba niliogopa kidogo. Nimulete kesho? Nisimulete? Sitamuleta. Nitamuletea kadre.

Siku ya posho, samedi 7 juni

Mukono hii inaandika lakini macho inatoka maji. Nitajaribu kupanga.

Depo ilijaa. Kwaya ya bajane iliimba, batoto bakaonyesha michoro (mufalme bila sura alichorwa na batoto ine, sijui nani aliwaambia). Muzee Stanislas alivaa koti. Akashika ile picha na ile kadre mupya. Akasema kwa heshima: "Familia ya askari Mbusa isimame."

Nilisimama. Emérence hakukuwa pale, nikafurahi. Kisha nikasikia viti. Niligeuka. Nusu ya depo ilikuwa imesimama! Bamama ba kwaya. Mukubwa wa kartier, mutaa yetu. Hata ule mutu mwenye alikuja kutengeneza micro ya kusemea alikuwa amesimama na waya kwa mukono. Mbusa, Mbusa, Mbusa. Hadjara alihesabu familia kumi na tisa. Na wote, alisema, babu zao walikuwa kwa moto, na saba walibatizwa Cuis.

Muzee aliangalia chini kama mutu mwenye amesahau somo. Hapo mulango ikafunguka.

Emérence! Amekuja na pikipiki, na katikati yake na chauffeur, Koko yangu, na kitambaa yake ya misa kwa kichwa. Emérence hakunisalimia. Alisema kwa sauti ya soko: "Mwalimu, huyu mama njo muke wa Mbusa ya huyu Falonne. Tumuulize yeye. Bote banajua hajui bongo."

Nilitaka kuingia ndani ya kabati ya vioo, nikae na zile kofia za chuma.

Koko alisalimia kila mutu, kuanzia mulangoni. Ilichukua wakati. Alishukuru kwa kiti, hakukaa. Aliomba picha. Akaenda nayo kwenye jua, akaileta kwa pua kabisa, kama mutu mwenye ananusa kama maziwa imeharibika. Depo nzima ilinyoosha shingo. Hata Vagheni kwa mugongo yangu.

"Huyu hapana bwana yangu," akasema.

Emérence alipiga makofi ya furaha. Moja tu.

Nilisema ni ukungu, Koko, angalia tena, angalia kifua, angalia bunduki! Alinijibu: "Falonne, wacha kunisukuma. Mwenye kifua simujui. Mimi naangalia huyu wa nyuma." Kisha sauti yake ikabadilika, ikakuwa sauti ya musichana mwenye anagomba na bwana yake: "Mbusa, wewe! Unaangalia mupiga picha, maharagi inaungua!"

Tulikimbia bote. Nilisukuma mukubwa wa kartier. Nikaona. Nyuma, ndani ya moshi, sufuria kubwa. Mutu mwembamba, anacheka. Muguu moja chini, ingine inakuna ile ya kwanza. Muti ya kukoroga iko kwa mukono ya kushoto.

Wiki nzima nilikuwa naangalia kifua ya mutu mwingine!

Muzee Stanislas alirudisha picha mukononi, akaigeuza, akasoma maandiko ya nyuma yenye alikopia yeye mwenyewe. Akatoa miwani. "Cuisinier," akasema polepole. "Cuis. ni cuisinier. Mupishi." Miaka makumi tatu na moja alifundisha Kifaransa. Jina haikuwa ya ule wa mbele. Ilikuwa ya ule wa sufuria tangu mwanzo.

Koko alisema kwa upole kwamba alimuelezea Falonne yote siku ya ine, asubuhi, tukichambua maharagi. Batu bote baliniangalia. Hadjara, bila ubaya kabisa, aliuliza kama basi Mutakatifu Cuis ni mutakatifu wa bapishi. Kicheko yenye ilitoka pale, nazani waliisikia Beni. Ule mutu wa micro alianguka na waya yake.

Na Koko hakusikia. Aliniomba nimushushe mutoto. Alimukalisha kwa magoti, akaweka mbele yake kadre yenye Muzee alimupatia.

"Babu yako," akamuambia, "alikuwa na sura hii."

Akagusa kioo na kidole moja. "Wasingya," akasema, aksanti kwa luga yetu. Hapana kwetu. Kwa Babu.

Familia kumi na nane zingine zilikaa, moja moja, na hakuna mwenye alibisha. Mukubwa wa kartier alikuwa anapangusa pua.

Siku ya Mungu, dimanche 8 juni, Pentekoste

Nilishukuru kwa misa mpaka magoti ikauma. Nilishukuru juu ya Muzee Stanislas, juu ya Hadjara mwenye amesema atamufuta Mutakatifu Cuis kwa telefone, juu ya mutu mwenye alipiga ile picha, hata kama aliunguza maharagi ya batu mia mbili.

Kadre iko kwa ukuta, chini kidogo, vile Koko anaweza kuifikia na pua. Ameisha kuisalimia mara tano. Anamulaumu juu ya chumvi.

Asubuhi, na macho yake ya ukungu, aliona mwishowe kitambaa kwa mukono ya Vagheni. Aliniuliza ni kidonda? Nilimuambia ni shauri ya Emérence. Alifungua ile kifundo na meno, akamupatia mutoto kijiko. Vagheni aliikamata na kushoto, akapiga uji mpaka ikafika kwa kadre. Koko alisema sasa wanajuana.

Nilipeleka sahani ya maharagi kwa Emérence. Alisema nijue tu, alimuleta Koko juu ya kunipatisha haya mbele ya batu. Nilisema najua, na nimekuja kusema aksanti. Alicheka mpaka akakohoa makala. Kisha akaniambia babu yake Mbusa hakukuwa askari, alikuwa fundi wa viti Kalunguta. Tulikula kwa sahani moja.

Muzee amepita kumuuliza Koko kama anaweza kufundisha batu jiko ya baaskari pale musée, kila siku ya posho. Koko amekubali. Alisema hajui kupikia chini ya mia moja.

Nimejifunza. Naandika hapa, Mungu asome: kweli peke yake. Sitabadilisha tena nguo ya maneno. Kamwe!

Siku ya kwanza, lundi 9 juni

Nimepita musée kuwasalimia tu. Banaandika mupya chini ya picha: MBUSA, MUPISHI, LUOFU. Vizuri sana. Nilisoma mara tatu.

Mais chini ya ule wa mbele, mwenye kifua, banaandika: JINA HAIJULIKANE. Na Muzee Stanislas anasema familia yake ikipatikana, siku ya posho yenye inakuja, kadre ingine.

Niliangalia tu. Kuangalia hapana zambi. Ile kifua. Ile namna ya kusimama. Timothée anasimamaka hivyo akipakia kakao!

Nilimupigia simu. Nilimuuliza babu yake Lusenge alikuwa askari? Alisema babu Lusenge alichunga mbuzi na aliogopa hata polisi wa barabara. Nilimuambia mutu mwenye anaogopa hivyo, ni kwamba alijua jeshi kutoka ndani. Alisema network ni mubaya.

Na sasa hivi Emérence amepita mbele ya mulango yangu na bassin, beseni kubwa, kwa kichwa. Amefunika na kitambaa. Kamba za viatu vya zamani, kama vya askari, zinaninginia inje. Anafikiri sikuona!

Nimemuweka Vagheni mbele ya kadre yetu kwa ukuta. Namuonyesha na kidole, ule wa mbele, ule wa mbele. Sema Lusenge, papa yangu mudogo. Lu-se-nge.

Anasema Koko. Haizuru. Tuko na siku tano.